Mshindi wa Siku ya Mboga

Siku ambayo Ngwali hakuonekana kwenye matuta yake ilikuwa Jumanne, siku moja kabla ya Sikukuu ya Mboga. Yaani hakuonekana akiwa amesimama. Alikuwepo, amelala kifudifudi kati ya tuta la sita na la saba, fungu la mchicha mkononi, ndoo ya kumwagilia imepinduka kando yake. Mkewe, Kidawa, alimkuta saa moja asubuhi alipompelekea uji. Akamgeuza. Akamfuta udongo mdomoni kwa pindo la kanga. Kisha akakaa palepale kwenye matope, kikombe mkono mmoja na mkono wa mumewe mwingine, maana uji ulikuwa bado wa moto na hakujua auweke wapi.

Msomaji asiharakishe kumpa pole. Katika nchi ile, ambayo jina lake halina haja, kufa kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri sana, umepigwa chapa kwenye karatasi ya kijani.

Ngwali hakuwa amekula nyama tangu ana miaka kumi na miwili. Siku moja ya sikukuu walichinja beberu aliyemlea mwenyewe, akaletewa sahani, akaisogeza pembeni kwa adabu, basi. Hakumhubiria mtu. Alilima mchicha, kunde, bamia, matembele na maboga, akala alichokilima, na akiwa na miaka hamsini na tano alikuwa bado anabeba ndoo mbili za maji kutoka mtoni bila kupumzika njiani. Jirani yake, Bi Rukia, alikuwa na presha na miguu iliyovimba kama mikate ya kumimina. Ngwali akawa anampelekea bamia na dengu, akimwambia apunguze chumvi, aache mafuta ya nyama, atembee jioni. Baada ya miezi michache Bi Rukia alivaa tena viatu vya harusi yake, akapita navyo mtaa mzima makusudi.

Habari hizo zilimfikia Waziri wa Afya, Mheshimiwa Mwinyigogo, ambaye wakati huo alikuwa na ugonjwa wa jongo. Kidole gumba chake cha mguu kilikuwa kikubwa kama kitunguu cha Ulaya, na bungeni alikuwa akihudhuria na kiatu kimoja na ndara moja. Akaletwa nyumbani kwa Ngwali na dereva wake, akakaa siku arobaini akila kunde za nazi, dengu na maboga ya kuchemsha. Kidole kikanywea. Siku ya kuondoka alimkumbatia Ngwali, machozi yakimtoka.

"Mzee wangu, siri hii lazima taifa liipate."

"Si siri, Mheshimiwa," Ngwali akasema. "Ni kunde."

"Kila mwananchi atakula!"

"Anayetaka, Mheshimiwa. Asiyetaka msimlazimishe. Chakula cha kulazimishwa hakikai tumboni."

Waziri aliyaandika maneno yote hayo kwenye daftari lake. Sheria ya Mboga ilipotoka, sehemu ya mwisho ilikuwa imeachwa kwa sababu ya uhaba wa karatasi.

*

Sheria ilifunga mabucha yote na kuipa kila kata Afisa Mnusaji. Watu wa nchi ile wanakula kwa mkono, na harufu ya mchuzi haitoki vidoleni kwa kunawa mara moja; serikali, ambayo inajali sana matumizi, ikaona haina haja ya mashine. Pua inatosha. Kila siku baada ya chakula cha mchana watu walijipanga mbele ya nyumba zao na kunyoosha mkono wa kulia, afisa akapita akinusa. Wanaokula kwa mkono wa kushoto walitakiwa kuwa na barua. Waliokula kwa kijiko walihesabiwa kuwa wana jambo la kuficha.

Nyama iliyokamatwa ilileta tatizo la kitaalamu. Kuizika haikuwezekana, mbwa wangeifukua. Kuichoma moto hadharani haikuwezekana, moshi wake ungewatia wananchi tamaa. Baada ya semina ya siku tano ikaamuliwa kwamba nyama iteketezwe kwa njia ya mdomo, na maafisa walioapishwa, ndani ya vyumba vilivyofungwa. Hawakuwa na raha, masikini. Ungepita nyuma ya ofisi ya kata saa saba mchana ungewasikia wakiteketeza, mmoja akimwambia mwenzake amsogezee pilipili na ndimu, ili kupunguza sumu.

Na mboga? Mboga nzuri zote zilipelekwa Ghala la Afya ya Taifa. Kila mkulima alipangiwa mafungu hamsini kwa siku. Ghala hilo lilikuwa la pekee duniani kwa sababu lilikuwa likilia. Asubuhi na jioni lilitoa sauti ya "mooo" ndefu, na kutoka mlangoni kwake ilitiririka samadi nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa mchicha uliohifadhiwa. Ngwali alipeleka mafungu yake hamsini kila asubuhi, na kilichobaki shambani ni mashina. Kidawa akawa anachemsha mashina. Wakanywa maji yake kwa jina la supu. Mwaka wa kwanza Ngwali alipungua, wa pili akapungua tena, na maafisa wakawaleta watoto wa shule waje kumtazama. "Oneni wepesi wake!" wakasema.

Miezi miwili kabla ya Jumanne ile, kifua kilimbana. Akaenda zahanati. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa kukosa kazi, kwa kuwa taifa lote lilikuwa na afya, na jengo lilikuwa limepewa Idara ya Kunusa. Wakamnusa mkono, wakampongeza, wakamrudisha nyumbani kwa miguu.

*

Saa sita mchana Afisa Mnusaji wa kata, kijana mmoja aliyeitwa Pandu, alisimama mlangoni na daftari kwapani. Ndani Ngwali alikuwa ameshaoshwa na jirani yao, Mzee Shaame, ambaye ndiye muosha maiti na mchimba makaburi wa mtaa. Amelazwa kitandani, shuka limemfunika mpaka kidevuni. Kidawa amekaa kwenye mkeka na Bi Rukia pembeni yake.

"Hodi! Nimeambiwa hapa kuna mtu anadai amekufa."

"Hadai kitu, baba," Kidawa akasema. "Amekufa."

"Umri?"

"Sitini na moja."

Pandu akafungua daftari, akapekua, akatikisa kichwa kwa huruma. "Bi mkubwa, hapa pana kosa. Mla mboga hafi kabla ya miaka tisini. Mheshimiwa ameshatangaza. Sasa mambo ni mawili: ama hajafa, ama si mla mboga. Naomba mkono."

Akauchukua mkono wa kulia wa Ngwali, akaupeleka puani, akafumba macho kama mtu anayeomba dua. Akanusa kidole gumba. Akanusa cha shahada. Akavuta pumzi ndefu.

"Ng'ombe," akasema. "Sehemu ya mbavu. Bizari nyembamba ipo. Na ndimu."

Kidawa akamtazama usoni kwa karibu. Masharubu ya kijana yule yalikuwa yanang'aa kwa mafuta, na kwenye ncha ya kushoto ulining'inia uzi mwembamba wa nyama, ukitikisika kila alipotamka neno. Mafuta mengine yalikuwa yamebaki kwenye mkono wa marehemu, pale alipougusisha mdomoni. Kidawa akachukua kitambaa, akaupangusa mkono wa mumewe, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu," akasema, "hiyo nyama unayoinusa iko hapo hapo chini ya pua yako."

"Bi mkubwa, angalia maneno. Pua hii ni mali ya serikali. Kuituhumu pua hii ni kuituhumu serikali."

"Basi serikali na ijipanguse mdomo," Bi Rukia akadakia. "Inadondosha mafuta juu ya maiti ya watu."

"Nani huyo anayeongea?"

"Ni presha yangu hiyo inaongea. Nimerudishiwa na mashina yenu."

Kidawa akaufungua mkono wa marehemu. Ncha za vidole zilikuwa za kijani, kijani iliyoingia mpaka ndani ya mistari ya ngozi, ya miaka thelathini ya kukata mboga, ambayo hata Mzee Shaame kwa sabuni na majani ya mkunazi hakuweza kuitoa. "Tazama," akasema.

"Mimi sikuajiriwa macho," Pandu akajibu, akatoa karatasi ya kijani. "Weka saini hapa kwamba alikuwa akila nyama kwa siri. Ukishaweka, saa kumi kamili anakuwa amekufa, gari linakuja, anazikwa nyuma ya machinjio ya zamani pamoja na wala nyama wenzake. Kibao cha jina hakuna. Majina yanawapotosha watoto."

"Na nisipoweka?"

"Hajafa. Na mkimzika mtu ambaye hajafa, hayo ni mauaji. Nitalazimika kuwakamata nyote, na Mzee Shaame wa kwanza, maana ndiye mwenye jembe."

Kidawa alikuwa amemtilia Ngwali chakula miaka thelathini na minane. Aliyajua mambo yake yote: hakupenda bamia iliyoiva mno, alikula ukoko wa wali kwanza, na harufu ya nyama ikipita barabarani aligeuza uso bila kusema neno.

"Sisaini," akasema. "Nataka azikwe kwa jina lake, na karatasi iseme alikula mboga. Nitakwenda kwa Waziri. Waziri amekula kwenye sahani zangu."

*

Kwenye ukumbi wa Wizara ya Afya walikuwa wamepanga vyungu vya mrehani kila hatua mbili, kuziba harufu. Haikuzibika. Moshi wa mbavu za kuchoma ulikuwa umeingia kwenye mapazia, kwenye mafaili, kwenye nywele za makarani. Kidawa alitembea amejifunika pua kwa kanga, na mlinzi akamwambia ashushe, maana mkao ule ulikuwa wa dharau.

Waziri alikuwa nyuma ya meza, mguu wake umewekwa juu ya kigoda, umefungwa bandeji. Kidole gumba kilikuwa kimerudia ukubwa wake, na kimezidi. Mbele yake palikuwa na sinia lililofunikwa kwa gazeti, na katuni ya Waziri mwenyewe akitafuna karoti ilikuwa imeloa mchuzi.

"Bi Kidawa! Mwenye kunde!" Akajaribu kusimama, akashindwa. "Karibu, karibu. Naona unashangaa sinia. Ni kazi tu. Wilaya tatu zimekamatisha leo, vijana peke yao hawaziwezi. Kiongozi lazima aonyeshe mfano. Mzee wangu hajambo?"

"Amefariki asubuhi, Mheshimiwa."

Waziri aliacha kutafuna. Machozi yakamjaa kweli, hilo lazima lisemwe. Akajifuta kwa leso, leso ikamwachia mstari wa mafuta shavuni. Kisha akamgeukia katibu wake aliyesimama dirishani. "Kesho nishani ya Mwananchi Mwenye Afya Kuliko Wote tunampa nani?"

Katibu akasoma karatasi, akakohoa. "Ngwali, Mheshimiwa. Miaka mitano hajalazwa wala hajapewa dawa."

"Hospitali mmezifunga," Kidawa akasema.

"Ndiyo maana rekodi yake ni safi," katibu akasema kwa upole.

Waziri akafikiri, akizungusha kijiti cha meno kinywani. "Hebu tuangalie kwa utaratibu. Kama amekufa, alikula nyama. Kama alikula nyama, mimi, Waziri, nilitibiwa na mla nyama, na sheria nzima imesimama juu ya sufuria la uongo. Haiwezekani. Kwa hiyo hajafa." Uso ukamchangamka. "Bi Kidawa, hajafa! Na nishani imeshachongwa jina!"

"Mheshimiwa, jua ni kali. Mpaka kesho atakuwa ameharibika. Sitaki nishani. Nipe karatasi nimzike mume wangu."

Kijiti kikachimbua, kikatoa kipande. Waziri akakitazama kipande kile, akakirudisha mdomoni.

"Mwambie anywe maji mengi," akasema.

*

Kufika Jumatano asubuhi nzi walikuwa wameshajua kile ambacho serikali ilikuwa haijajua. Kidawa alikesha akiwapepea kwa upepeo wa ukindu. Udi haukusaidia tena. Harufu ilitoka chumbani ikaingia ukumbini, na yeye, aliyelala ubavuni mwa mtu huyo tangu usichana, akajikuta anapumulia mdomo, na akajichukia kwa hilo.

"Leo maafisa wote wako uwanjani," Mzee Shaame akasema mlangoni. "Wanusaji, polisi, hata mbwa wa polisi. Mpaka saa nane mtaa hauna mtu wa kuuliza."

"Wakija kuuliza baadaye?"

"Sheria inakataza kuzika. Kupanda haijakataza." Akalichukua jembe lake. "Tutampanda."

Wakamvika sanda, wakamsalia uani, safu mbili za watu wakiwa wamejifunga vitambaa puani, wakambeba shambani. Mzee Shaame akang'oa mchicha wa tuta la saba, lile ambalo Ngwali aliangukia kando yake, akachimba. Kila mtaa wa nchi ile ulikuwa na spika juu ya nguzo, na sikukuu haikuruhusiwa kuzimwa. Sauti ya Waziri ikaja juu ya vichwa vyao, imeshiba, ikipumua kwa taabu kidogo.

"Ndugu wananchi! Mboga hushusha presha! Mboga hulainisha choo, huimarisha moyo, huzuia kisukari! Dengu na kunde hujenga mwili kuliko mnofu! Mtu anayekula majani ya rangi zote, akapunguza chumvi, akatembea jioni, mwili wake huwa mwepesi na usingizi wake huwa mtamu!"

Kidawa akainama akatapika kando ya tuta.

Kama maneno yale yangekuwa uongo angevumilia, uongo alishauzoea. Lakini yalikuwa kweli, kila neno, na yalikuwa ya Ngwali. Hayo hayo aliyasema jikoni kwake, amechuchumaa mbele ya chungu cha kunde, akimwambia mgonjwa mwenye ndara moja, pole pole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. Sasa yalitoka kwenye kinywa kile, yamepita katikati ya meno yale.

"Na mshindi wetu, shujaa wa majani, ni Ngwali!" Uwanja ukalipuka kwa makofi. "Ameshindwa kufika kutokana na wingi wa afya!"

Mzee Shaame aliyekuwa ndani ya shimo akinyoosha mikono kumpokea marehemu alingoja mpaka makofi yakatulia. "Leteni," akasema. Wakamteremsha.

*

Siku ya arobaini Kidawa aliomba kibali cha kusoma hitima. Kikakataliwa, kwa kuwa huwezi kumsomea mtu aliye hai. Badala yake akapewa kibali cha hafla ya pongezi, na ruhusa ya machozi ya furaha yasiyozidi robo saa, chini ya usimamizi wa afisa.

Watu wakaja. Kila nyumba ilileta konzi moja ya kunde iliyofichwa, wengine kwenye soksi, wengine ndani ya mto wa mtoto. Zikatosha sufuria kubwa. Wanawake wakaingia mmoja mmoja wamejitanda kanga, wakampa mkono Kidawa na kusema, "Hongera, mwenzangu," na sauti zao zikakatika katikati ya neno. "Hongera. Mungu akupe subira." Bi Rukia alikuja na viatu vyake vya harusi mkononi, miguu haikuingia tena. Akakaa mkekani, akasema, "Hongera, Kidawa wee," akalia robo saa yake yote na ya jirani yake.

Pandu alikaa pembeni akitazama saa. Akapewa sahani. Akala, akaongezwa, akala. Alipomaliza alimsogelea Kidawa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi tumbo linaniuma kila siku. Tangu nianze kuteketeza. Usiku silali."

Kidawa alimtazama masharubu yale. Yalikuwa makavu siku hiyo. Akamwona ni mdogo, labda miaka ishirini na minne, na macho yake yana rangi ya manjano.

"Mume wangu alikuja zahanati kifua kikimbana," akamwambia. "Wewe ndiye uliyemnusa."

Pandu akakodolea macho sahani yake tupu.

"Mheshimiwa alikula kunde hizihizi siku arobaini," Kidawa akasema. "Akapona." Akamtilia upawa wa tatu, si kwa upendo.

Kabla ya kuondoka afisa alipita shambani, kama kazi yake inavyomtaka. Akasimama kwenye tuta la saba, ambalo mchicha wake ulikuwa umeota tena, mnene, wa kijani kibichi kuliko mwingine wote. Akavuta pumzi kwa pua ile ya serikali. Akasimama pale kitambo. Kisha akafungua daftari akaandika: *Tuta la saba. Ardhi inapumzishwa. Lisikatwe.*

*

Nishani ililetwa na tarishi kwenye bahasha. Kidawa anaitumia kukandamizia mfuniko wa chungu, maana mfuniko wake umepinda.

Na kwa kuwa Ngwali hajafa, mafungu yake hamsini bado yanadaiwa. Kidawa huamka alfajiri, hukata mchicha kwenye matuta sita, huufunga, huubeba kichwani mpaka Ghala la Afya ya Taifa, husimama kwenye foleni mbele ya mlango unaolia. Mchicha wa tuta la saba umerefuka, umetoa mbegu. Saa mbili karani hufungua orodha yake na kuita, "Ngwali!"

Kidawa hujibu, "Yupo," na kuushusha mzigo.